Wosia Si Uchuro



Wapendwa Taifa la Mungu, mwezi wa Novemba Kanisa hutualika kuwakumbuka marehemu wetu. Tunapeleka majina yao altareni, tunasafisha makaburi na kuwasha mishumaa. Ni desturi njema na tunaipenda. Lakini mwaka huu tumeona vema, badala ya kuzungumza tena juu ya wale waliokwisha kututangulia, tuzungumze juu ya wale ambao bado wako nasi, wameketi barazani Mbweni hii hii, macho yamefifia na miguu imevimba, nao wamebakiza muda mfupi wa kutuambia jambo moja muhimu ambalo wengi wetu hatutaki kulisikia: wangependa nini kifanyike juu yao na juu ya jasho lao.

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukimpelekea Ekaristi Takatifu, kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, mzee mmoja mwalimu mstaafu. (Baadhi ya mambo tumeyaacha kusudi, ili familia isitambulike.) Siku moja, baada ya sala, aliomba mkewe atoke kidogo, akatuambia kwa sauti ya chini, "Baba Paroko, naomba unisaidie kuandika karatasi juu ya hii nyumba. Nawajua ndugu zangu." Nasi, kwa huruma isiyo na busara, tulimjibu, "Mzee wangu, hayo tutayazungumza ukipata nafuu. Kwanza tuombe upone." Alitutazama, akanyamaza. Ijumaa ya kwanza iliyofuata hatukumkuta.

Baada ya kuanua matanga, kikao cha ukoo kikakaa. Wajomba na baba wadogo walikuja kutoka mbali, wengine wakiwa hawajawahi kukanyaga Mbweni tangu nyumba ile ilipojengwa. Mdogo wa marehemu akateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, akaondoka na hati ya kiwanja siku hiyo hiyo. Haukupita muda mama yule, aliyefunga ndoa takatifu na kuishi na mumewe zaidi ya miaka thelathini, akaambiwa atafute pa kwenda. Alikwenda kujibana katika chumba cha kupanga cha binti yake kule Boko. Shauri lilikaa mahakamani miaka miwili kabla hajarudi kwake. Nyumba ilibaki, undugu haukubaki. Mpaka leo upande ule na upande huu hawaamkiani hata msibani.

Karatasi moja ingeyazuia hayo yote. Mzee aliiomba karatasi hiyo kwetu, nasi tukampa maneno matamu. Tangu siku ile tumejiwekea sharti: tunapokwenda kutoa Mpako wa Wagonjwa, baada ya maungamo na sala, tunauliza kwa upole, "Mzee, mambo ya nyumbani umeyaweka sawa?" Wapo wanaokunja uso. Wengi zaidi hushusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Kwa nini basi jambo hili lina uzito wa pekee katika eneo letu? Waliofika Mbweni zamani wanakumbuka mashamba ya minazi na mikorosho, wavuvi, na njia za mchanga. Kisha watu wa mjini wakaja kununua vipande vya mashamba, mauziano yakiandikwa kwenye daftari mbele ya mjumbe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaja mradi wa Serikali wa viwanja 20,000, uliopima viwanja Mbweni JKT, Mbweni Mpiji, Mbweni Malindi, Bunju na kwingineko, hadi upande wa kusini wa jiji, kama Kibada, Tuangoma na Mtoni Kijichi. Waliokuwa na nguvu zao siku zile, watumishi wa umma, walimu, askari na wafanyabiashara, leo ni wazee. Kiwanja walichokipata kwa fedha ambayo leo haitoshi kununua pikipiki, sasa kina thamani inayoweza kuwagombanisha ndugu wa tumbo moja. Wengine wana hati miliki, wengine karatasi ya mauziano yenye mihuri iliyofutika, na wengine hawana ila ushahidi wa jirani ambaye naye amezeeka. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Tunasikia hoja tatu za kupinga wosia, nasi tungependa kuzijibu kwa heshima.

Hoja ya kwanza ni kwamba kuandika wosia ni uchuro, ni kujiita kifo. Wapendwa, kama kuandika wosia kungeleta kifo, basi kutoandika kungeleta uzima wa milele, nasi makaburini tungekuta watu wachache sana. Hayati Papa Fransisko aliandika wosia wake tarehe 29 Juni 2022, akaeleza anataka kuzikwa wapi na kwa namna gani. Aliendelea kuliongoza Kanisa karibu miaka mitatu mingine, hadi alipofariki tarehe 21 Aprili 2025. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alianza kuandika wosia wake mwaka 1979, akiwa bado na nguvu, akawa anaurudia na kuuongeza kwa miaka mingi. Maandiko Matakatifu nayo yanatupa mfano wa Tobiti. Alipodhani kwamba siku zake zinakwisha, akiwa kipofu, alimwita mwanawe Tobia, akamweleza habari ya talanta kumi za fedha alizoziweka kwa Gabaeli kule Rage ya Umedi. Lakini tuangalie alianza na nini. Alianza na maziko yake, akaendelea na heshima ya mama wa mtoto huyo, kisha sadaka kwa maskini, na mwisho kabisa ndipo akataja fedha. Huo ndio wosia wa mcha Mungu, na kwa hakika Tobiti hakufa siku ile.

Hoja ya pili ni kwamba Mkristo hapaswi kushughulika na mali. Na wengine hukumbusha kwamba Bwana wetu alipoombwa na mtu mmoja aamue ugomvi wake wa urithi na nduguye, alikataa. Ni kweli alikataa. Lakini alikataa kuwa mwamuzi wa ugomvi uliozaliwa na tamaa, wala hakusema kwamba ugomvi huo ni mzuri na uachwe uzuke. Tena, akiwa juu ya msalaba, hana hata vazi la kurithisha, alimkabidhi Mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, na mwanafunzi akampokea nyumbani kwake. Aliyekuwa akifa kwa ajili ya ulimwengu mzima hakuona kwamba ni jambo dogo kuhakikisha mama mjane ana mahali pa kulala. Nasi tunajiona tuna mambo makubwa kuliko yake?

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo ni kwamba sheria ipo na mahakama zipo, hivyo mambo yatajipanga yenyewe. Hapa tunaomba tusikilizane kwa makini.

Jirani zetu Waislamu, ambao tunaishi nao Mbweni kwa amani, wana mafungu ya urithi yaliyowekwa na dini yao, na wosia wao kwa kawaida hauvuki theluthi moja ya mali. Muislamu akifa bila kuandika lolote, wanawe wanajua pa kuanzia. Sisi Wakatoliki hatuna mafungu ya namna hiyo katika sheria za Kanisa. Anapofariki Mkristo Mwafrika bila wosia, swali la kwanza huwa ni hili: alikuwa akiishi kwa mila za kabila lake, au alikuwa ameziacha? Mahakama huangalia mwenendo wa maisha yake. Katika shauri la mirathi ya marehemu Innocent Mbilinyi, la mwaka 1969, Mahakama Kuu iliona kwamba marehemu aliishi maisha yaliyojitenga na mila, na hivyo mirathi yake isifuate sheria ya kimila. Lakini ni nani anayetaka mwenendo wake ujadiliwe na mawakili akiwa tayari yuko kaburini?

Na tofauti kati ya njia hizo mbili si ndogo. Chini ya sheria ya kurithi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado inatumika nchini kwetu kwa mirathi ya namna hiyo, mjane mwenye watoto hupata theluthi moja, na watoto theluthi mbili. Chini ya kanuni za sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Binti naye huwekwa nyuma ya ndugu zake wa kiume. Mwaka 2006 wajane wawili waliozipinga kanuni hizo walisikia Mahakama Kuu ikikubali kwamba zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilitamka kwamba nchi yetu ilivunja haki za wajane hao. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya katika shauri maarufu la Holaria Pastory alikwisha kuamua kwamba mwanamke aweza kuuza ardhi ya ukoo kama mwanaume awezavyo. Hatua zimepigwa, lakini ni polepole, na mama yako hana miaka ishirini ya kusubiri. Mabinti wa Selofehadi, tunaosoma habari zao katika Kitabu cha Hesabu sura ya 27, walisimama mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao, na Mungu akasema wana haki. Haki hiyo baba wa leo anaweza kuitoa kwa kalamu, bila kuwasukuma binti zake kizimbani.

Tungependa pia kusahihisha kosa moja linaloenea. Msimamizi wa mirathi si mrithi mkuu, wala si mwenye mali. Ni mtumishi. Kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni na kuwagawia wanaostahili. Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, humtaka apeleke mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1. Kikao cha ukoo hupendekeza jina tu. Anayemteua ni mahakama. Na nyumba ya ndoa, hata kama hati ina jina la mume peke yake, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu iuzwe wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Mahakama ya Rufani nayo, katika shauri la Bi Hawa Mohamed la mwaka 1983, ilitambua kwamba kazi za mama nyumbani ni mchango katika mali ya familia. Basi yule anayesema "huyu hakuleta hata tofali" hajui sheria, na pengine hajui pia nani aliyempikia fundi.

Lakini tusije tukadhani kwamba wosia ni wa marehemu tu. Upo upande wa pili, nao ndio unaotuumiza zaidi: matunzo ya mzee akiwa bado hai. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu Watanzania wenye miaka 60 na zaidi wapatao milioni mbili na nusu, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliwatambua kama hazina ya taifa. Hata hivyo tunamfahamu bibi mmoja aliyeletewa karatasi na kijana wake mwenyewe, akaambiwa ni ya msaada wa wazee, akaweka dole gumba. Ilikuwa mkataba wa kuuza shamba lake. Bibi yule hajui kusoma. Alimjua mwanawe tu.

Kwa hiyo tunawaambia wazee wetu: usiweke saini wala dole gumba kwenye karatasi ambayo haijasomwa kwa sauti mbele ya mtu usiyemzaa. Ukimtaka mtoto akufuatilie pensheni au kodi za wapangaji, mpe hati ya uwakilishi iliyoandikwa mbele ya wakili, inayotaja kazi hiyo na si zaidi. Na watoto wajue kwamba hati hiyo inakufa pamoja na mzazi. Anayeendelea kuchukua fedha benki kwa kadi ya marehemu, hata kama nia yake ni kununua jeneza, amekwisha kuingia katika mali ya mirathi bila ruhusa. Mzee anapopoteza kumbukumbu hadi hawezi kujiamulia, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inayo njia ya kuiomba mahakama imteue wa kusimamia mali yake. Kumfungia ndani na kugawana vitu vyake si njia mojawapo.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 33, anamshauri mzee asigawe mali yake yote wala kumpa mtu mamlaka juu yake angali anavuta pumzi, asije akajuta na kuanza kuomba. Ni ushauri mkali, lakini ni wa mtu aliyeona mengi. Wosia una faida hiyo: unagawa bila kukuvua. Mwenye wosia anabaki mwenye nyumba mpaka siku ya mwisho, na anaweza kuubadili wakati wowote akiwa na akili timamu.

Jambo jingine linalotufurahisha ni hili. Zile kanuni za mila za mwaka 1963, ambazo tumezilaumu hapo juu, zina busara moja. Zinamruhusu mwenye mali kumnyima mrithi kwa sababu chache tu, na mojawapo ni mrithi kutomtunza wakati wa ugonjwa au njaa bila sababu ya haki. Mababu zetu walijua kwamba urithi na matunzo ni ndugu. Anayekuja na gari zuri siku ya maziko, ilhali alikata simu siku ya homa, anafanana na wale ambao Bwana aliwakemea katika Injili ya Marko, waliowanyima wazazi kwa kisingizio cha kumtolea Mungu. Lakini tunaongeza: wosia usiwe rungu. Mzazi anayetishia kila juma, "Nitakufuta!", anawafundisha watoto kumhesabia siku.

Sasa, kwa vitendo. Wosia wa maandishi uwe na tarehe, uandikwe ungali na akili timamu, utaje mali na warithi kwa majina kamili, na umtaje msimamizi unayemwamini. Uweke saini mbele ya mashahidi. Kwa mujibu wa kanuni za mila, mashahidi wa wosia wa maandishi ni wawili, mmoja wa ukoo na mwingine asiye wa ukoo, na kwa asiyejua kusoma na kuandika ni wanne. Usimfanye shahidi yule unayemrithisha, maana kwa sheria ile ya 1865 anaweza kupoteza alichoachiwa. Wosia wa mdomo nao unakubalika katika mila mbele ya mashahidi wanne, lakini kumbukumbu za watu hubadilika harufu ya fedha ikipita. Wosia unaweza kuuhifadhi kwa wakili, benki, au RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao pia husaidia kuuandika. Wasio na uwezo wa kumlipa wakili watambue kwamba Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na hapa hapa Kinondoni kipo Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake. Na mambo yakiwa yamekwisha kuharibika, kule Temeke kipo Kituo Jumuishi kinachosikiliza mashauri ya mirathi na ndoa. Ni safari ndefu kwa mama mjane kutoka Mbweni, nasi tungependa asilazimike kuifanya.

Tunajua wapo watakaonong'ona kwamba paroko anahimiza wosia ili parokia irithi. Tujibu wazi. Kanisa linapokea kwa shukrani mtu anapotoa kwa hiari yake kwa ajili ya kazi ya Mungu, na sheria zetu zinataka taratibu za nchi zifuatwe. Lakini hatutaandika wosia wa mtu kwa mkono wetu, hatutakuwa shahidi wa wosia unaoitaja parokia, na hatutapokea kiwanja ambacho kwa ajili yake mjane au mtoto analala nje. Tutakachofanya ni kumleta mwanasheria. Viongozi wa Jumuiya Ndogondogo, WAWATA na UWAKA watatangaza siku, na tunaomba wazee wasije peke yao. Waje na watoto wao wote, wa kiume na wa kike, wasikie pamoja.

Na jioni ya leo, baada ya sala ya familia, tunawaomba vijana msiulize, "Baba, nyumba utampa nani?" Hilo ni swali la fisi. Ulizeni, "Baba, Mama, mngependa tuwatunzeje? Kuna jambo linalowasumbua moyoni?" Kisha mnyamaze, msikilize. Mzee yule wa Ijumaa ya kwanza alihitaji mtu wa kumsikiliza kwa dakika kumi tu. Tunamwombea kila siku altareni, naye tunaamini ametusamehe. Tusingependa mwingine katika parokia hii afe akiwa na neno lake mdomoni.

Raha ya milele uwape, ee Bwana, marehemu wetu wote. Nasi tulio hai utujalie hekima ya kuziweka nyumba zetu katika utaratibu kabla hujatuita. Tunawatakieni Dominika njema na juma lenye baraka.

Wenu katika Kristo,
Paroko